Jina la Mtu Si Shamba

Watu wakigombania shamba na kesi ikachelewa, shamba halitoki mahali pake. Hukumu ikija mwaka wa tano, mshindi atalikuta palepale, atalilima. Lakini jina la mtu si shamba. Jina lililochafuliwa laoza wakati wa kungoja.

Tuseme mwalimu amesingiziwa mbele ya wazazi kwamba amekula franka za shule. Amekwenda kwenye tribinali ya amani, ameshinda. Sheria yetu ya makosa, kifungu cha 74, yampa msingiziaji kifungo cha siku 8 hata mwaka 1. Vema! Lakini msingiziaji akata rufani, na barua za kesi zalala kabatini. Huku nyuma wazazi wanasema: «Angekuwa mtu safi, kesi ingalikwisha.» Watoto wanahamishwa shule, mke wake anachekwa sokoni. Mwenye kosa anatembea kifua mbele, maana rufani imekuwa kichaka chake cha kujificha.

Na yule aliyehukumiwa bila haki, je? Mtazameni Lohé Issa Konaté, mwandishi wa gazeti katika Burkina Faso. Tarehe 29 Oktoba 2012 alihukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa ajili ya maandiko juu ya mwendesha mashtaka wa serikali. Tarehe 10 Mei 2013 tribinali ya rufani iliikubali hukumu ile. Shauri lake likafika mbele ya Korti ya Afrika ya Haki za Binadamu, huko Arusha. Tarehe 5 Desemba 2014 waamuzi wa Arusha walisema kwamba kifungo kile kilivunja haki yake. Alishinda, naam, lakini miezi 12 ya gereza alikuwa amekwisha kuimaliza. Nani atamrudishia hata usiku mmoja?

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 19, yasema kesi ya kila mtu isikilizwe kwa muda unaofaa. Kifungu cha 21 chalinda rufani. Mtu aliyehukumiwa mbele ya waamuzi kwa kosa kama hilo ana siku 10 tu za kukata rufani. Akichelewa, mlango umefungwa. Haya, mnyonge anahesabiwa siku. Na kabati la tribinali, nani analihesabia?

Wengine watatujibu: «Haraka haraka haina baraka.» Sisi hatuombi waamuzi wakate kesi mbio. Kusikiliza mashahidi kunataka subira. Lakini barua zikilala, nani anasikiliza mashahidi? Huo si uangalifu, ni usingizi! Wengine watasema waamuzi ni wachache na kazi ni nyingi. Twajua. Lakini kesi ya jina ni fupi: neno gani lilisemwa, mbele ya nani, kwa nia gani? Haitaki kupima mipaka ya mashamba, wala kumpasua maiti.

Basi, twawaomba wabunge wa Kinshasa mambo matatu. Kwanza, siku ile ile rufani inapoandikwa, karani awape wote wawili tarehe ya kusikilizwa, nayo isipite miezi mitatu. Pili, mtu asifungwe kwa ajili ya neno kabla rufani yake haijakatwa. Tatu, hukumu ya mwisho isomwe mahali palepale masingizio yalipotangazwa: kama ni sokoni, sokoni, kama ni kwa simu, kwa simu. Maana leo uwongo watoka Bukavu na kufika Kisangani kabla sufuria halijachemka, na ukweli wakaa miaka ukingoja muhuri.

Nasi tulio nje ya tribinali tuna kazi yetu. Rufani isipokatwa bado, tusiikate sisi sokoni. Yule mwalimu angali anangoja. Asikose mtu wa kumsalimu.