Fizikia haisomwi kwa macho pekee

Hakuna ubishi kwamba masomo ya video yanayopatikana mtandaoni yamemfungulia mwanafunzi wa fizikia milango ambayo zamani ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mtoto wa Lodwar au Lamu aliye na simu na bando la shilingi chache anaweza leo kumsikiliza mhadhiri wa Marekani akifafanua kanuni za Newton, akamsitisha, akamrudisha nyuma mara kumi, wala asikemewe. Ni mwalimu gani wa darasa la wanafunzi hamsini aliye na subira kiasi hicho?

Wala jambo hili si geni tena. Salman Khan alianza kumfunza binamu yake hisabati kwa mbali mnamo 2004, na ilipofika 2006 alikuwa akiweka masomo yake kwenye YouTube ili kila mtu ayaone. Hapa kwetu, shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, taifa zima lilitambua kwamba somo linaweza kumfikia mtoto nyumbani kupitia redio, runinga na simu. Kwa hivyo mimi si miongoni mwa wale wanaozibeza video hizo. Wanangu wanazitumia, nami nimezitazama nyingi pamoja nao.

Hata hivyo, kuna hatari moja ambayo wazazi na walimu hatuizungumzii vya kutosha. Video nzuri humpa mtazamaji raha ya kuelewa hata pale ambapo hajaelewa. Maelezo yanatiririka, michoro inapendeza, na mwanafunzi anaifunga simu akiwa na hakika kwamba mada imemwingia. Sijaona mada inayoifichua hatari hii kuliko mwendo wa duara, ambayo katika silabasi ya 8-4-4 iliwekwa Kidato cha Nne.

Tuchukue mfano ambao kila Mkenya anaufahamu. Matatu inauzunguka mzunguko wa barabara kwa kasi, na abiria aliyeketi kando anajikuta amebanwa kwenye ubavu wa gari. Mwulize ni kitu gani kilichomsukuma, naye atakujibu bila kusita kwamba kuna nguvu iliyotaka kumtupa nje. Fizikia inasema kinyume chake. Mwili wa abiria ulitaka kuendelea mbele kwa mstari ulionyooka, kama ilivyo desturi ya kila kitu chenye mwendo. Gari ndilo lililopinda, na ubavu wake ndio uliomsukuma abiria kuelekea ndani, yaani upande wa kitovu cha duara. Kwa mtu anayetazama akiwa amesimama kando ya barabara, hakuna kani yoyote inayomvuta abiria nje.

Tusiwacheke wanaokosea hapa. Mholanzi Christiaan Huygens, mmoja wa wanasayansi mahiri wa karne ya 17, alipochapisha kanuni zake za mwendo wa duara mwaka wa 1673, alizieleza kwa kuzungumzia mvuto wa kukimbia kitovu. Newton ndiye aliyeigeuza hoja hiyo katika kitabu chake cha 1687, akasisitiza kani inayoelekea kitovuni. Iwapo vichwa vya namna hiyo vilihitaji muda kulitatua jambo hili, itakuwaje tumtarajie kijana wa miaka 17 alimeze kwa video ya dakika kumi?

Nimelishuhudia hili mtaani kwetu. Niliwaomba vijana sita watazame somo zuri kuhusu mwendo wa duara, kisha nikawauliza swali moja: jiwe linazungushwa kwa kamba, na kamba inakatika ghafla, jiwe litaelekea wapi? Wote waliweza kuikariri fomula. Wanne walisema jiwe litaruka nje moja kwa moja, likikipa kitovu kisogo. Tulikwenda uwanjani tukajaribu, na jiwe likaondoka kwa mstari unaoligusa duara pale lilipoachiliwa. Vijana walinyamaza kwa muda, kisha wakaanza kubishana. Kwa maoni yangu, somo lilianza pale walipoanza kubishana.

Uchunguzi wa kitaalamu unaunga mkono hoja hii. Derek Muller, ambaye baadaye alipata sifa kwa chaneli yake ya Veritasium, aliandika tasnifu ya uzamifu kuhusu video za fizikia katika Chuo Kikuu cha Sydney, akaikamilisha mwaka wa 2008. Aligundua kwamba wanafunzi waliotazama maelezo yaliyonyooka waliyasifu kuwa wazi na rahisi, lakini hawakupata maendeleo makubwa mtihanini. Wale walioonyeshwa video inayoyataja makosa ya kawaida na kuyajadili waliiona ngumu zaidi, ila wao ndio waliojifunza zaidi. Wepesi wa somo, basi, si ushahidi kwamba mtu amelijua.

Tufanyeje? Dawa si kuwapokonya watoto simu. Dawa ni kuisitisha video kabla ya jibu kutolewa, mwanafunzi aandike anachotarajia, kisha ajaribu kwa mikono yake. Mwendo wa duara hauhitaji mitambo ya bei. Chukua ganda la biro lililokwisha wino, pitisha uzi ndani yake, funga kifutio upande wa juu na nati chache upande wa chini. Shika ganda hilo uzungushe kifutio juu ya kichwa. Ukiongeza kasi, nati zinapanda. Ukitaka kasi iongezeke maradufu na duara libaki na ukubwa ule ule, utalazimika kuongeza nati hadi ziwe mara nne. Mwanafunzi aliyelihisi hilo kwenye uzi hatasahau kwa nini kasi katika fomula ile imezidishwa kwa yenyewe.

Na hili si suala la alama za mtihani tu. Fikiria matatu yenye tani 3 ikipita kona ambayo nusu kipenyo chake ni mita 50. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, magurudumu yanahitaji kuishika barabara kwa kani ya newtoni 6,000 ili gari lisitoke njiani. Kwa kilomita 72 kwa saa yanahitaji newtoni 24,000. Lami iliyolowa, tena chini ya magurudumu yaliyochakaa, haiwezi kutoa kani kubwa namna hiyo hata dereva akiwa stadi vipi. Kijana anayekariri kwamba kasi maradufu huzaa kani mara nne, lakini haamini hivyo moyoni, ndiye atakayeshika usukani kesho huku amebeba watoto wa wenzake.

Ninachohofia zaidi ni kwamba wasimamizi wa shule wataziona video kama njia ya kukwepa gharama ya maabara. Tayari nimesikia wakuu wa shule wakijivunia runinga kubwa ukutani ilhali chumba cha maabara kimegeuzwa ghala la madawati mabovu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, ulikusudiwa kumfanya mwanafunzi atende badala ya kukariri. Itakuwa kinaya kikubwa iwapo tutamwondoa kwenye ukariri wa ubao na kumpeleka kwenye ukariri wa kioo cha simu.

Wizara ya Elimu na ihakikishe kwamba kila somo la video linaloidhinishwa linaambatana na jaribio ambalo shule isiyo na kitu inaweza kulifanya. Walimu nao waitumie video kuanzisha mjadala, wala wasiitumie kama kisingizio cha kutoka darasani. Nasi wazazi, mtoto akituambia ametazama somo lote na ameelewa, tumwombe atuonyeshe kwa kamba na jiwe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwa mwanafunzi wa fizikia ni kuweka simu chini na kufanya kazi kwa mikono.