Moshi Usikae Darasani na Watoto Wetu

Ndugu zangu wa Lushoto, Soni, Mlalo, Bumbuli na Mtae, baridi ya Juni hadi Agosti tunaijua. Ukungu ukishuka, madirisha ya chekechea hufungwa, na pengine jiko la mkaa huingizwa ndani ili watoto wapate joto. Nia ni njema. Lakini mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtoto aliyelala mkekani anaweza asiamke.

Nyuma ya darasa kuna jiko la shule. Makande yanataka saa nyingi motoni, na kuni ni zile walizobeba wanafunzi asubuhi, nyingine mbichi, nyingine zimelowa umande. Kuta zimekuwa nyeusi kwa masizi. Mpishi anajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na upepo ukigeuka, moshi wote unaingia darasani. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto chini ya miaka 5. Kikohozi kisichokwisha tusikisingizie baridi peke yake.

Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimetakiwa kuachana na kuni na mkaa. Tuwabane madiwani wetu mpaka utekelezaji ufike huku milimani. Ila watoto wanavuta moshi leo.

Mkutano ujao wa wazazi usiishie kwenye michango ya mitihani. Tukubaliane kwamba jiko la mkaa halivuki kizingiti cha chumba cha watoto. Madirisha ya pande mbili yafunguliwe, hata kidogo, na kila mzazi amwongezee mwanawe sweta. Waashi tunao, matofali tunachoma wenyewe: tujenge jiko banifu lenye dohani inayopita juu ya paa, kwa msaragambo, kama tulivyojenga madarasa. Kuni zikatwe mapema na zipangwe mahali pasipovuja hadi zikauke. Mahindi na maharage yalowekwe usiku kucha, yaive upesi.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenye kituo cha chekechea, mzazi mwenzangu: tangazeni siku ya msaragambo wiki hii, kabla Juni haijaingia.