Baba yenu hasemi hivyo

Likizo iliyopita ilinikuta Shela, kule kisiwani Lamu, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Aliyewahi kufika Shela anajua kwamba baada ya sala ya alasiri hapana haraka. Punda wanarudi na mizigo ya mwisho ya mchanga, jua linapunguza ukali, na watoto wanajibanza penye kivuli cha daka. Wapwa zangu watatu, mkubwa wao msichana wa sekondari, walikuwa na mchezo wanaouita "daftari".

Kila mmoja anachukua nafasi ya mtu fulani: nahodha, bibi mzee, tajiri wa Kizungu aliyekuja kununua nyumba, hata punda. Wa kwanza anaandika ukurasa mmoja kwa kinywa cha mtu wake, kisha anampa mwenziwe daftari naye anajibu kama mtu wake angejibu. Ni marufuku kufuta alichoandika mwenzako. Kama umeuliwa, umeuliwa, utafute njia ya kufufuka.

Nikaomba nisome. Hadithi ilikuwa na visa vya kutosha, lakini nahodha alianza kwa "Hapo zamani za kale" na kumaliza kwa methali. Bibi alianza na kumaliza vivyo hivyo. Punda naye, masikini, alitoa methali mbili! Wote walikuwa mwanafunzi mmoja anayetafuta alama za insha. Ugonjwa huu ninauona pia katika hadithi mnazonitumia nyinyi wasomaji wangu, wanafunzi hasa. Mnabadilisha majina ya wahusika, lakini anayesema ni yule yule mmoja.

Nikawaambia wajaribu kumpa kila mtu namna yake ya kuandika. Nahodha aandike kama anayejaza kumbukumbu za safari: upepo, kina cha maji, nani kaumwa, basi. Tajiri aandike barua ya Kiswahili kilichonyooka mno, cha kujifunzia kitabuni. Bibi tumpe utenzi, mizani nane kila mstari, mistari mitatu ya vina vinavyofanana na wa nne wenye kina chake cha daima. Na punda, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza neno, aseme mfululizo bila nukta.

"Mjomba, haya ni mambo ya Kizungu," akasema yule wa kati. Nikacheka, maana alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka ufuo wenyewe. Katika vita vya Shela, vilivyopiganwa yapata mwaka 1812 au 1813, Mazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate walishuka hapo kuipiga Lamu, wakashindwa vibaya. Lakini pamoja na mapanga kulikuwa na karatasi. Washairi walijibizana kwa tungo, huyu akifumba na yule akifumbua, na Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa miongoni mwao. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walizikusanya tungo hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1995, Mashairi ya Vita vya Kuduhu. Mshairi wa vita hasemi kwa jina lake pekee. Anaubeba mji mzima mdomoni, na anayejibu hupaswa kuyashika mafumbo ya mwenziwe kabla ya kuyageuza. Hilo ndilo daftari lao, ila huko nyuma mchezo ulikuwa na makaburi.

Na atakaye kusikia sauti ya mtu mmoja anayesema na mtu mmoja, asome utenzi ambao Mwana Kupona alimwandikia binti yake mwaka 1858. Mama mgonjwa anamwita mwanawe aketi karibu. Hasemi na umma, na labda ndiyo sababu umma haujaacha kumsikiliza.

Basi wakaanza upya. Punda alifaulu kupita kiasi, tukacheka hadi majirani wakauliza kulikoni. Jambo likaja kwa yule mkubwa. Yeye alichagua kuwa baba aliyeko ughaibuni anayewaandikia wanawe. Mumewe dada yangu yuko Muscat mwaka wa nne sasa, anaendesha lori. Msichana akasoma: "Wanangu wapendwa, natumai mko salama salimini..." Nyanya yao mzaa baba, aliyekuwa akipepeta mchele, hakuinua hata kichwa. "Baba yenu hasemi hivyo," akasema.

Msichana akanyamaza, akaingia ndani na kalamu. Aliporudi kesho yake hakuwa na barua tena. Alikuwa ameandika zile sauti baba yake anazotuma kwa simu, kama zinavyosikika: Kiamu kitupu, "yeo" badala ya leo, "mtele" badala ya mchele, "mayi" badala ya maji. Baba anauliza kama paa limevuja. Anauliza mchele umefika bei gani. Anauliza kama mdogo bado anakohoa. Anaanza kusema habari yake, anakatiza, anarudi kwenye paa. Mwishoni akasema, kana kwamba ni neno la kupitia tu, kwamba mwaka huu pia wasimtazamie.

Dada yangu alitoka jikoni na mikono ina unga. "Hiyo imekuja lini?" akauliza. "Mbona mimi sikuisikia?"

Hakuna aliyejibu. Alipoliona daftari alielewa, akarudi ndani. Msichana alitaka kuuchana ule ukurasa. Nilimzuia, na tangu siku ile sina hakika kama nilifanya vyema. Ukurasa ulikuwa mzuri kuliko vyote, na uzuri wake ulitokana na yale maneno ambayo baba anayakwepa. Angeupamba kwa machozi, mama yake asingetoka jikoni. Lakini mtu aliye hai ana haki ya maneno yake. Nikamshauri amhamishe: amfanye nahodha wa jahazi aliyekwama bandari ya mbali akingoja mlingoti, awe na umri mwingine na jina lingine, ila abaki na ile tabia ya kuuliza paa. Akaandika upya usiku ule kwa taa ya simu.

Sasa ilibaki mtu wa kumjibu nahodha. Wale wadogo walikataa, wakasema wao hawajui kuwa mke wa mtu. Asubuhi daftari halikuwapo barazani. Dada yangu alilileta saa nne, akamkabidhi bintiye bila neno, akaenda zake kisimani. Kurasa tatu, kwa wino wa buluu. Mimi sikuonyeshwa.