Dawa Inayochoma Macho

Mama mwenzangu, bila shaka umewahi kuinama juu ya jeneza kumuaga ndugu, mara macho yakawasha na pua ikachoma. Hayo si machozi ya majonzi peke yake. Ni fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Wewe uliivuta dakika moja tu. Yuko anayeivuta kutwa nzima, na huenda ni mumeo, mdogo wako au wewe mwenyewe.

Nikiwa muuguzi kijana katika chumba cha upasuaji, kazi yangu mojawapo ilikuwa kumimina fomalini katika chupa za kuwekea vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa, vipelekwe maabara. Chumba kilikuwa kidogo na dirisha lake lilikuwa halifunguki. Nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Kila jioni nilirudi nyumbani koo likikwaruza, nikakohoa hadi usiku.

"Mama Neema, kifua hicho umekipimisha?" mume wangu aliniuliza.

Nilimjibu kuwa ni vumbi. Kazini nako nilinyamaza, nisije nikaitwa mvivu anayejificha nyuma ya mimba. Mzee mmoja wa mochwari alitushauri tunywe maziwa yaondoe sumu, nasi tukanywa. Hatimaye Sista wa zamu alinisikia nikikohoa, akanihamishia wodi nyingine. Kifua kikapona, na mtoto akazaliwa salama. Lakini dada aliyeshika nafasi yangu alilikuta dirisha lile lile, nami sikumwambia neno. Jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Basi leo naliambia kila mmoja wenu. Fomalini ni gesi ya fomaldehaidi iliyoyeyushwa katika maji. Mwaka 2004, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ethilini oksaidi, gesi ya kuulia vijidudu kwenye vifaa visivyostahimili joto kali, iliwekwa katika kundi hilo mwaka 1994. Hata gesi za usingizi zikivuja katika chumba kisicho na hewa, huwaumiza wanaofanya kazi humo.

Yashike haya:

Maziwa huenda tumboni. Gesi huingia mapafuni. Hayakukingi.

Barakoa ya kawaida ya upasuaji haizuii gesi. Inatakiwa ile yenye chujio maalumu, pamoja na miwani na glavu.

Pua huzoea. Usiposikia tena harufu, usidhani hatari imekwisha. Funika chupa, fungua madirisha, omba feni ya kutoa hewa nje.

Dawa ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwone daktari.

Nguo za kazini zifue peke yake, mbali na nepi za mtoto. Galoni tupu la fomalini lisiletwe nyumbani kuwekea maji, maziwa wala mafuta, hata likioshwa mara kumi.

Ukijua una mimba, mweleze msimamizi wako mapema. Huo si uvivu.

Tena usiogope kudai vifaa vya kinga. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinamwajibisha mwajiri kumlinda mfanyakazi. Mkienda kuomba, nendeni wawili au watatu, na mwandike barua mkibaki na nakala. Sauti ya mmoja husahaulika upesi.

Na wewe uliye nyumbani, mwenzako akirudi kutoka hospitali macho mekundu, akikohoa usiku, muulize anashika dawa gani huko. Akikujibu kuwa ni vumbi, usikubali upesi. Mimi pia nilijibu hivyo.