Mwandiko mbovu si uvivu, mtoto asaidiwe mapema

KATIKA shule nyingi humu nchini, mwanafunzi ambaye mwandiko wake hausomeki huchukuliwa kuwa mvivu, mtundu au mzito wa akili. Huamrishwa kurudia kazi yake, hunyimwa mapumziko na pengine huchapwa, licha ya kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliharamisha kiboko shuleni.

Si kila mwandiko mbovu unaotokana na uzembe. Wapo watoto wanaolielewa somo barabara na kulieleza kwa mdomo bila kusita, lakini wakishika kalamu mkono hautii. Huchoka upesi, hukandamiza kalamu hadi karatasi ikararuka, na kufikia kengele ya kipindi wameandika mistari miwili pekee.

Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, kilikadiria kwamba asilimia 5 hadi 6 ya watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 11 wana ugumu wa kuratibu viungo vyao wanapofanya kazi za kila siku. Ikiwa hali yetu inakaribiana na hiyo, basi darasa la wanafunzi 50 lina wawili au watatu wa namna hiyo.

Wanaoweza kuwafaa watoto hawa ni wataalamu wa tiba kwa vitendo, ambao humsaidia mtu kumudu shughuli za maisha yake. Mtaalamu huanza kwa kumchunguza mtoto: anavyoketi, anavyoshika kalamu, na jinsi macho na mkono vinavyoshirikiana.

Aghalabu dosari huanzia mbali na vidole. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia kwa kuwa dawati ni refu mno hana egemeo, na bega lililolegea haliwezi kuongoza mkono. Kufinyanga udongo, kutunga shanga, kukata karatasi kwa makasi na kupukuchua mahindi ni mazoezi yanayoimarisha viganja, na hayahitaji vifaa vya bei ghali.

Hata hivyo, mazoezi hayo pekee hayatoshi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa nchini Canada mwaka 2011 yalibainisha kuwa mbinu zisizohusisha kuandika kwenyewe, au zenye vipindi vya mazoezi visivyofika 20, hazikufua dafu.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo letu. Ni mzazi yupi wa kijijini atakayemudu nauli ya kumpeleka mwanawe hospitali ya kaunti mara 20, huku mtoto akikosa masomo siku zote hizo?

Si kwamba taifa halina wataalamu. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, huwafunza, na Bunge lilipitisha sheria ya kuwasajili na kuwapa leseni mwaka 2017. Lakini tangu huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, hospitali anakotarajiwa kupatikana mtaalamu huyo ziko chini ya kaunti, ilhali mwalimu ni mwajiriwa wa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Vituo vya EARC vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa mwaka 1984, viko chini ya Wizara ya Elimu. Mtoto mmoja ana walezi watatu, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwenye jukumu.

Aidha, Baraza la Mitihani, KNEC, hutoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Afueni hiyo haiwezi kumfikia mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumtambua. Isitoshe, mtihani wa KPSEA wa Gredi ya Sita hutumia maswali ya kuchagua majibu. Mtoto anaweza kuupita bila udhaifu wake kugunduliwa, kisha akwame baadaye anapotakiwa kuandika majibu marefu.

Kinachohitajika si kujenga hospitali mpya. Wizara ya Elimu na serikali za kaunti ziafikiane ili wataalamu hawa wawe na siku maalumu za kuzuru shule kupitia vituo vya EARC. Wakishamchunguza mtoto, wamwelekeze mwalimu na mzazi namna ya kuendeleza mazoezi, dakika chache kila siku, hadi mtaalamu atakaporejea.

Vyuo vya ualimu navyo viwafunze wanagenzi kutofautisha mtoto asiyetaka kuandika na yule asiyeweza. Mwalimu wa gredi za chini ndiye wa kwanza kuiona dalili, na wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Tukiendelea kupima akili kwa uzuri wa hati, tutawapoteza watoto wengi waliojua jibu lakini wakashindwa kuliandika.