Miaka 20 ya OpenTTD: pongezi kwa mafundi wa reli

Aliyewahi kuucheza mchezo huu anaujua usiku wake. Umejiahidi kulala treni ya makaa ya mawe ikishafika, nayo imesimama nje ya stesheni kwenye taa nyekundu. Nyuma yake imesimama nyingine, na nyuma ya hiyo tatu zaidi. Unaifuata reli kwa kidole juu ya skrini hadi kwenye makutano, na kumbe kosa ni lako: taa moja uliisimika pasipo pake, miaka kumi ya mchezo iliyopita. Unaing'oa. Foleni inaanza kusogea, na nje jogoo wa kwanza anawika.

Mchezo wa asili ni Transport Tycoon, ambamo mchezaji anaendesha kampuni ya usafirishaji. Chris Sawyer, mtaalamu wa programu kutoka Uskoti, aliuandika kwa asembli, lugha inayoiamuru mashine hatua kwa hatua, na kampuni ya MicroProse ikautoa mwaka 1994. Picha zilichorwa na Simon Foster, muziki ukatungwa na John Broomhall. Toleo la Deluxe likafuata mwaka 1995. Ilikuwa kazi ya fundi hodari, lakini ilishonwa kwa kipimo cha kompyuta za wakati ule. Kompyuta zilipobadilika, vazi likaanza kubana.

Machi 2004, Mswidi Ludvig Strigeus alitoa toleo la kwanza la OpenTTD. Alikuwa ameifumua Deluxe amri kwa amri na kuishona upya kwa lugha ya C, ambayo inaweza kupelekwa kwenye mashine za kila aina. Kisha msimbo wote akauweka hadharani kwa leseni ya GPL: usome, urekebishe, ugawe, mradi na wewe usimfungie mwenzio mlango. Machi 2024 miaka 20 ilitimia, nasi tunatoa pongezi kwa moyo mkunjufu.

Tunauita mradi huu taasisi, na tuna sababu. Strigeus aliondoka zamani kwenda kwenye kazi nyingine, na kazi haikusimama. Wajitolea walipokezana nyundo, wengi wao bila kuonana ana kwa ana, na hakuna aliyeigeuza kazi ya wote kuwa mali yake.

Kwetu sisi, siku yao kubwa ni 1 Aprili 2010, lilipotoka toleo la 1.0. Kabla ya hapo injini ilikuwa mpya, lakini picha na sauti zilikuwa bado za mchezo wa zamani, na mchezaji alilazimika kuwa na mafaili ya mchezo huo. Ndipo wakaja wachoraji wa OpenGFX, mradi wa picha huru, wakachora upya kila kichwa cha treni, kila behewa, kila nyumba na kila mti. Wenzao wakatengeneza sauti, wengine muziki. Hata nchi ya vitu vya kuchezea, moja ya mandhari za mchezo, yenye mgodi wa sukari na visima vya soda, ambayo wachezaji wengi huipita tu, nayo ilichorwa. Kwa sisi tunaopenda kazi iliyokamilika, hilo peke yake linastahili heshima.

Mengi yameongezeka. Ramani ya zamani ilikuwa na miraba 256 kila upande. Leo inafika 4,096, yaani eneo kubwa mara 256. Kampuni 15 zinaweza kushindana katika mchezo mmoja kupitia intaneti. Taa za reli nazo zimeerevuka: zamani treni moja ikiingia kwenye makutano, yote yalifungwa mpaka itoke, sasa taa za njia huiwekea kila treni reli itakayopita, na nyingine inapita kando yake bila kugusana.

Lakini tunawasifu zaidi kwa walichokiacha kama kilivyokuwa. Mzigo bado unalipwa kwa umbali na kwa wepesi wa kufika. Treni isiyopelekwa karakana bado inaharibika katikati ya njia na kuzizuia zote zilizo nyuma yake. Na ukifyeka miti ovyo kando ya mji, halmashauri yake bado inanuna na kukunyima kibali cha stesheni, mpaka urudi uipande, mche baada ya mche, huku makaa yakirundikana mgodini. Kanuni hizo aliziweka Sawyer. Wangeweza kuzilainisha ili wapate wachezaji wengi. Hawakufanya hivyo, na kwa hiyo aliyeucheza mwaka 1995 akiuanza leo mkono wake unajua pa kwenda.

Haulipiwi, na kompyuta ya kawaida, hata yenye umri, inauendesha. Anayeanza atafute mgodi mmoja wa makaa na kituo kimoja cha umeme, aviunganishe kwa reli, aweke treni mbili. Taa azisimike kabla ya makutano, pale ambapo treni inaweza kusubiri bila kuziba njia ya mwenzake.