Safari ya mlimani yataka kiongozi mmoja na blanketi mbili

Mama mmoja wa Mururu, mke wa askari polisi, ametuandikia kwamba familia sita za hapo kwao, baadhi za askari na baadhi za walimu, zimekubaliana kuchanga fedha, kukusanya magari matatu na kwenda kulala siku mbili katika msitu wa Nyungwe wakati wa likizo ya shule. Anauliza wapike nini. Swali lake ni jema, nasi tutalijibu, ila chakula ni jambo linaloweza kungoja. Katika safari ya namna hii la kwanza ni baridi, na la pili ni nani mwenye neno la mwisho.

Watu wa Mururu wanakaa kando ya mto Rusizi, pale maji ya ziwa Kivu yanapoteremka kuelekea Tanganyika. Ziwa lenyewe liko kiasi cha meta 1,460 juu ya usawa wa bahari. Uwinka, penye kituo cha wageni na mahali pa kupiga mahema, ni karibu meta 2,450, na mlima Bigugu, mrefu kuliko yote ya msitu huo, wafikia meta 2,950. Kwa kawaida kila mtu apandapo meta 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Basi hata pasipo mvua wala upepo, mtoto aliyelala Mururu kwa shuka moja atatetemeka Uwinka. Na aliyekulia katika joto la bonde la Bugarama ataona kama kahamishwa nchi. Tena mvua ya Nyungwe haina adabu ya majira. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mikavu, na ndiyo tunayoishauri, lakini hata hapo ukungu waweza kulowesha nguo bila tone moja kuanguka.

Watoto watauliza habari za wanyama. Waambieni ukweli: tembo wa mwisho wa Nyungwe aliuawa mwaka 1999. Waliobaki wa kutazamwa ni sokwe, mbega na nyani wa namna nyingi, jumla ya jamii 13, na msitu wote umeandikwa katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2023. Mnyama atakayewasumbua hasa ni siafu. Suruali ichomekwe ndani ya soksi, na asiwepo wa kuona haya kwa sura yake.

Kwamba baridi huua hata karibu na ikweta, nchi hii ina ushahidi wake. Mwezi Februari 1908, mtaalamu wa miamba wa Kijerumani, Egon Kirschstein, alikuwa katika mlima Karisimbi pamoja na wapagazi wake. Dhoruba ya mvua ya mawe na theluji iliwakuta huko juu, nao wapagazi walikuwa watu wa nchi za joto, wenye nguo nyepesi. Wengi waliketi chini wasitake tena kuinuka. Watu 20 walikufa. Karisimbi una meta 4,507 na Nyungwe haufiki huko, wala hatusemi haya ili kuwatisha akina mama wabaki nyumbani. Twataka msomaji aone namna jambo lenyewe linavyokwenda: nguo iliyolowa, upepo, uchovu, kisha mtu anaketi na kusema mniache hapa nipumzike.

Kwa hiyo yafaa kila mtu mzima azijue dalili zake. Kwanza mtu hutetemeka sana. Halafu vidole vinakuwa vizito, hawezi kufunga kifungo. Maneno yake yanakuwa kama ya mlevi, na anajikwaa pasipo jiwe. Akiacha kutetemeka huku hajapata joto, hiyo si nafuu, bali ni hatari kubwa zaidi. Mwondoeni penye upepo, mvueni nguo zote zilizolowa, mvisheni kavu, funikeni kichwa, mzungushieni blanketi, tena nyingine iwe chini yake, maana ardhi hunyonya joto kuliko hewa. Akiwa na fahamu zake apewe chai ya moto yenye sukari nyingi. Asipewe pombe hata tone, ijapokuwa wazee wengi huisifu, wala asisuguliwe mikono na miguu kwa nguvu. Kama hali haibadiliki, pigeni namba 912 ya gari la wagonjwa. Na kwa kuwa simu haishiki kila mahali msituni, dereva mmoja abaki kambini na gari lililo tayari kuondoka.

Sasa habari ya kiongozi. Penye askari wengi, aliye na cheo kikubwa huona kwamba uongozi umekwisha kuamuliwa. La hasha! Cheo cha kazini kibaki kazini siku hizo mbili. Huenda anayefaa zaidi ni mwalimu aliyezoea kuhesabu watoto, au mama muuguzi. Achaguliwe kabla ya safari, na wote wakubali kwamba akisema turudi, hapana mjadala. Njiani, mwongozaji wa hifadhi atatangulia; kiongozi wenu aende nyuma kabisa, na mwendo upimwe kwa mtoto au mzee aliye dhaifu kuliko wote. Njia ya Igishigishigi, yenye daraja lile la kuning'inia juu ya miti lililofunguliwa mwaka 2010, ni ya kilomita 2 hivi, nayo yatosha kwa familia. Ile ya Imbaraga ni ya kilomita 10 na jina lake lasema yote. Vijana wakiitaka, waende siku ya pili wakiwa kundi lao, na wawe wamerudi kabla ya saa tisa alasiri, kwani saa kumi na mbili jioni giza limekwisha kuingia.

Nafasi za kulala na waongozaji ziombwe kwa hifadhi mapema, kwa idadi kamili. Anayesema atakuja labda, asihesabiwe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi isichaguliwe kuwa siku ya kuondoka, kwa sababu asubuhi yake ni ya Umuganda. Matangi yajazwe mafuta Kamembe. Breki, taa, jeki na tairi la akiba vitazamwe siku tatu kabla, si alfajiri ile ya kuondoka, maana barabara ya msituni ni kona tupu na malori mazito hupita humo. Fikeni saa nane mchana ili mahema yasimame kungali na mwanga.

Na chakula? Mama, maharage yapike nyumbani hata yaive kabisa. Kule juu maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, hivyo maharage mabichi yatawala gesi yote na watoto walale njaa. Chukueni viazi vitamu vilivyochemshwa, sambaza waliokaushwa, ndizi, mkate, sukari kupita desturi, na chupa za chai za kutosha. Vifungwe katika vikapu na magunia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2008. Moto wa kuni uwashwe tu pale mtakapoonyeshwa. Mwaka 1997, mwaka wa ukame, moto uliteketeza sehemu kubwa za Nyungwe, na makovu yake yalionekana miaka mingi baadaye.

Mkisharejea Mururu, mahema yaanikwe siku hiyo hiyo, hata kama watu wamechoka. Hema lililokunjwa likiwa na unyevu huota ukungu na kuoza mishono. Mweka hazina asome hesabu kabla familia hazijatawanyika, na kilichobaki kirudishwe kwa kila nyumba sawasawa na ilichotoa.